Moto, baridi na umeme kwenye upanga mmoja: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa wachezaji wa Tanga wanaocheza michezo ya kuigiza wahusika mezani, ile ya dadu, karatasi na penseli. Unahusu jambo moja tu: kuweka zaidi ya nguvu moja ya asili kwenye silaha ya kichawi. Majibu yanafuata vitabu vinne: Dungeons & Dragons 3.5 (2003), Pathfinder ya kwanza (2009), Dungeons & Dragons toleo la tano (2014) na Pathfinder ya pili (2019). Kabla hujabishana na mtu, muulize kwanza anacheza kitabu kipi. Nusu ya ugomvi huishia hapo.

Moto na baridi si vitauana? Upanga utabaki na maji ya vuguvugu.

Haviuani. Katika vitabu vyote vinne kila nguvu ni hesabu inayojitegemea: pigo likipata, unatupa dadu ya moto, unatupa dadu ya baridi, na kila moja inakwenda kwa adui kivyake. Hakuna kanuni inayosema moto unayeyusha barafu ya upanga. Wala umeme hauchochewi na baridi. Wanaotoka kwenye michezo ya kompyuta ndio wanaopata shida hapa, kwa sababu wamezoea nguvu mbili kukutana na kuzaa ya tatu. Mezani hazikutani.

Hilo lina faida na hasara. Faida ni kwamba hakuna mchanganyiko uliokatazwa. Hasara ni kwamba hakuna mchanganyiko unaokupa zaidi ya jumla yake, na kama utakavyoona hapa chini, mara nyingine jumla yenyewe hupungua.

Haya mambo tuyaiteje kwa Kiswahili?

Wengi huanza na "kuroga silaha", lakini kuroga ni kumdhuru mtu. Kago na zindiko ni vya kinga, na hirizi huvaliwa. Humu tunatumia *tabano* kwa uchawi unaotamkwa, *talasimu* kwa ule unaochorwa au kuandikwa juu ya chuma (linafaa sana kwa Pathfinder ya pili), na *nguvu* kwa kile kinachokaa ndani ya silaha: moto, baridi, umeme, tindikali, ngurumo. *Ziada* ni ile +1, +2 na kuendelea. *Pigo kuu* ni pale dadu ya pande 20 inapokupa bahati na madhara yanaongezeka. Ukipenda maneno mengine sawa, ilimradi meza nzima iwe na lugha moja.

Silaha moja inabeba nguvu ngapi?

Katika 3.5 na Pathfinder ya kwanza, silaha lazima iwe na ziada ya +1 kabla ya kupokea nguvu yoyote. Baada ya hapo kila nguvu inahesabiwa kama daraja. Moto ni daraja 1, baridi 1, umeme 1, na Pathfinder ina tindikali, nayo 1. Ngurumo pia ni 1, ila yenyewe hulia kwenye pigo kuu tu, kwa d8 (dadu ya pande nane; d6 ni ya pande sita, na kadhalika). Zile nguvu za mlipuko, zinazoongeza d10 kwenye pigo kuu, ni daraja 2. Ziada ya kawaida haivuki +5, na jumla ya ziada na nguvu haivuki +10. Kwa hiyo jambia la +1 lenye moto, baridi na umeme linahesabiwa kuwa la +4, ingawa shabaha yake bado ni ya +1. Kosa hili la kuongeza +4 kwenye shabaha huonekana kila mara mchezaji mpya anapopata silaha yake ya kwanza.

Pathfinder ya pili ni rahisi zaidi: silaha ya +1 ina nafasi moja ya talasimu ya nguvu, ya +2 ina mbili, ya +3 ina tatu. Basi.

Toleo la tano la Dungeons & Dragons halina mfumo wa kujijengea silaha kwa madaraja. Silaha huja zimekamilika, na anayetaka kuchanganya humo anahitaji ruhusa ya mwendeshaji, yule anayesimamia mchezo mezani. Tutalirudia.

Inagharimu kiasi gani katika 3.5?

Chukua jumla ya madaraja, izidishe kwa yenyewe, kisha zidisha kwa 2,000. Hapo ndipo watu wanapoumia, kwa sababu bei haipandi kwa ngazi, inaruka.

Silaha ya +1 tupu ni dhahabu 2,000. Ukitia moto inakuwa 8,000. Ukiongeza baridi ni 18,000. Ukiongeza umeme ni 32,000, na nguvu ya nne juu yake 50,000. Kila bei ongeza 300 za silaha iliyofuliwa kwa ustadi wa juu, pamoja na bei ya silaha yenyewe. Kitara kwa mfano ni dhahabu 15. Kwa hiyo kitara cha +1 chenye moto na baridi ni 18,315.

Kama tayari unacho cha moto, unalipa tofauti tu: 18,000 toa 8,000, yaani 10,000. Linganisha: nguvu ya kwanza ilikugharimu 6,000, ya pili 10,000, ya tatu itakuwa 14,000, na zote zinaleta d6 ile ile moja. Nguvu ya tatu ni ya mwenye mali ya kuchezea. Kwa dhahabu 14,000 unaweza kununua silaha nzima ya pili ya umeme, kwa 8,315, na chenji ikabaki ya dawa za kuponya.

Kwa dhahabu 18,000, ninunue silaha ya +3 au ya +1 yenye nguvu mbili?

Tupige hesabu. Upanga mrefu unatoa d8, wastani 4.5. Mpiganaji ana ziada ya nguvu za mwili 4. Tuseme akiwa na silaha ya +1 anapata kwa 11 au zaidi kwenye dadu ya pande 20, yaani nusu ya mapigo. Mapigo makuu tuyaache pembeni.

Upanga wa +1 wenye moto na baridi: 4.5 + 4 + 1 + 3.5 + 3.5 ni 16.5. Nusu yake ni 8.25 kwa kila pigo linalorushwa.

Upanga wa +3: 4.5 + 4 + 3 ni 11.5, na sasa anapata mara 60 katika 100. Jibu ni 6.9.

Nguvu mbili zimeshinda, na si kwa kidogo. Lakini mlete adui mwenye ukinzani (kiasi cha madhara asichoumia nacho) wa 5 kwa moto na wa 5 kwa baridi. Ukinzani unakatwa kwenye kila nguvu peke yake. Kutoka kwenye d6, ni 6 tu inayopenya, na inapenya kama 1. Wastani wa kila dadu unashuka kutoka 3.5 hadi sehemu moja ya sita. Upanga wako sasa unatoa takriban 4.9, huku wa +3 ukibaki 6.9 vilevile. Ukinzani ukiwa 10, dadu zako mbili ni pambo.

Sasa tazama jambo ambalo wengi hawalioni. Kama silaha ingetoa 2d6 za moto tupu dhidi ya ukinzani huohuo wa 5, wastani unaopenya ungekuwa karibu 2.3. Ukizigawa kuwa d6 ya moto na d6 ya baridi, jumla inayopenya ni 0.33. Kugawa nguvu kunakulinda dhidi ya adui anayekinza nguvu moja, na kunakuangusha kwa adui anayekinza zote, kwa sababu unalipa ushuru mara mbili. Hili ndilo swali la kujiuliza kabla ya kuchanganya: maadui wa kampeni hii (hadithi ndefu mnayoicheza kikao kwa kikao) wanakinza moja, au wanakinza nyingi?

Basi nguvu zipi zinakwenda pamoja?

Inategemea unapigana na nani, na mwendeshaji mwema huwa ametoa dalili. Kampeni za huku kwetu hazikosi majini, tuanze nao. Jini la moto katika 3.5 halidhuriki kabisa na moto, na baridi hulidhuru kwa nusu zaidi. Ukizingatia kushusha sehemu za nusu, d6 ya baridi inampa wastani wa 5 badala ya 3.5. Hapo kitara cha moto na baridi kinafanya kazi upande mmoja tu, lakini upande huo unatosha. Katika toleo la tano jini la moto bado lina kinga ya moto, ila ule udhaifu wa baridi haumo. Jini la upepo katika toleo hilo lina kinga ya umeme na ngurumo, kwa hiyo aliyejaza upanga wake radi atapiga chuma kitupu.

Mashetani wa 3.5 wamegawanyika makundi mawili makubwa. Wale wa vurugu wana kinga ya umeme, na ukinzani wa 10 kwa tindikali, baridi na moto. Wale wa utaratibu wana kinga ya moto, na ukinzani wa 10 kwa tindikali na baridi. Umeme unawaingia bila kizuizi. Kwa kampeni ya mashetani basi, moto pamoja na baridi ndio mchanganyiko mbaya kuliko yote, na ndio unaonunuliwa zaidi kwa sababu unapendeza kuusimulia.

Ikiwa hujui chochote kuhusu mbele yako, umeme na baridi ni jozi salama. Moto ndio unaokinzwa na viumbe wengi. Ngurumo karibu hakuna anayeikinza, lakini silaha ya ngurumo inasubiri pigo kuu.

Pigo kuu linazidisha dadu za nguvu?

Vitabu vinne, majibu matatu. Katika 3.5 na Pathfinder ya kwanza, hapana: dadu za ziada hazizidishwi, unazidisha madhara ya silaha yenyewe na ziada zake tu. Katika toleo la tano, dadu zote za pigo hutupwa mara mbili, zikiwemo za moto. Katika Pathfinder ya pili madhara yote yanazidishwa mara mbili, d6 ya moto ikiwemo, isipokuwa kile kinachotokea kwa sababu ya pigo kuu lenyewe. Mfano ni ule moto unaoendelea kuwaka wa d10: huo unatupwa kama ulivyo.

Nacheza toleo la tano. Nina upanga wa moto. Naweza kuutia tabano la umeme juu yake?

Unaousema ni Flame Tongue: tendo dogo la zamu kuuwasha, 2d6 za moto, na mwanga mkali wa futi 40 na hafifu wa futi 40 nyingine. Tabano la kutia silaha nguvu ya asili (ngazi ya 3, saa moja, kwa kushikilia mawazo) linafanya kazi kwenye silaha isiyo ya kichawi pekee. Upanga wako tayari ni wa kichawi. Tabano halishiki, na nafasi ya tabano imekwenda bure kama mwendeshaji ni mkali.

Njia halali ni kuchanganya mikononi badala ya kwenye chuma. Anayepigana kwa silaha mbili anaweza kushika upanga wa moto mkono mmoja na wa baridi mwingine, akiwa na ujuzi wa kutumia silaha mbili zisizo nyepesi. Kila mmoja unahitaji kufungamana nao, yaani kujiunganisha nao kichawi, kwa mapumziko mafupi, saa nzima, na mtu hafungamani na vifaa zaidi ya vitatu. Nafasi mbili zimeisha hapo.

Tahadhari moja: upanga wa baridi wa toleo hilo, Frost Brand, unapochomolewa unaweza kuzima miali yote isiyo ya kichawi ndani ya futi 30. Mkiwa kwenye pango kama yale ya Amboni na mwanga wenu wote ni mienge, usiuchomoe kwa mbwembwe.

Mwendeshaji akikubali kutengeneza silaha yenye nguvu mbili kwenye toleo la tano, aipe kiasi gani?

Asirundike 2d6 za moto juu ya d6 ya baridi. Tunachopendekeza: d6 moja ya kila nguvu, silaha isiwe na ziada ya shabaha, ihitaji kufungamana, na tendo dogo liwashe nguvu zote mbili kwa pamoja. Jumla ni dadu mbili, sawa na Flame Tongue, kwa hiyo mizani haiharibiki. Kumbuka tu kwamba ukinzani wa toleo hili ni kugawa kwa mbili na kushusha nusu, na unafanywa kwa kila nguvu peke yake.

Kampeni yetu ni ya baharini. Upanga wa moto unafanya kazi majini?

Swali la watu wa pwani hilo. Katika 3.5, moto wa silaha ya kichawi haufanyi kazi ukiwa chini ya maji isipokuwa maelezo yake yaseme vingine. Katika toleo la tano, kiumbe aliyezama kabisa ana ukinzani dhidi ya moto, kwa hiyo nusu. Pathfinder ya pili inampa aliye chini ya maji ukinzani wa 5 kwa moto na tindikali. Umeme, kinyume na wanavyodhani wengi, hauongezeki majini katika kitabu chochote kati ya hivi, wala haumrudii aliyeushika. Mwendeshaji anaweza kuamua hivyo, lakini iwe ni kanuni ya nyumbani iliyotangazwa kabla jahazi halijazama.

Nina mhusika mchawi wa 3.5. Natengenezaje mwenyewe?

Anahitaji kipaji cha kutengeneza silaha na deraya za kichawi, ambacho hupatikana akiwa mtabanaji wa ngazi ya 5. Kwa nguvu ya moto anatakiwa awe ngazi ya 10 na awe na tabano kama tufe la moto. Baridi inataka ngazi ya 8 na tabano kama dhoruba ya barafu. Umeme vilevile ngazi ya 8, na tabano la radi. Kunapokuwa na nguvu kadhaa, sharti la juu ndilo linalohesabiwa.

Malighafi ni nusu ya bei, pointi za uzoefu ni sehemu moja ya 25 ya bei, na muda ni siku moja kwa kila dhahabu 1,000. Kuongeza baridi kwenye kitara cha moto, ambako ni tofauti ya 10,000, kunataka dhahabu 5,000, pointi 400 na siku 10 za kazi. Zile 300 za ustadi wa juu hazihesabiwi kwenye nusu. Silaha lazima iwe tayari ya ustadi huo kabla ya kazi kuanza. Wengi hukwama hapa: wameokota panga la kawaida, wakalipa malighafi, kumbe chuma hakipokei.

Pathfinder ya kwanza imeondoa pointi za uzoefu. Mengine yanafanana kwa kiasi kikubwa.

Na Pathfinder ya pili?

Talasimu ya moto, ya baridi, ya umeme, ya tindikali: kila moja ni ngazi ya 8 na dhahabu 500. Ili uwe na nafasi mbili unahitaji talasimu ya ziada ya +2, dhahabu 935; ukiwa tayari na ya +1 ya dhahabu 35 unalipa 900 zilizobaki. Silaha ya +2 yenye moto na baridi basi ni 1,935, kabla hujaongeza talasimu ya kuzidisha dadu za silaha.

Uzuri wa kitabu hiki ni kwamba talasimu huhamishika. Kuitoa silaha moja kwenda nyingine kunagharimu asilimia 10 ya bei yake, yaani 50 kwa ya moto, na siku moja ya kazi. Talasimu mbili za jina moja hazijumlishwi. Na ukifika ngazi za juu, talasimu kubwa ya moto ya dhahabu 6,500 hupuuza ukinzani wa moto wa adui. Hapo lile tatizo la ushuru mara mbili linapungua sana, na kuchanganya kunaanza kulipa kweli.

Mishale ya baridi kwenye upinde wa moto?

Inafanya kazi katika 3.5: upinde unaupa mshale moto, na mshale una baridi yake. Ziada hazijumlishwi, inatumika kubwa. Bei ya silaha moja hutoa mishale 50. Mshale uliopata huharibika, na uliokosa una nusu ya uwezekano wa kupotea. Ndiyo njia ya bei nafuu ya kubeba nguvu mbili bila kuvuka daraja 2 kwenye silaha yoyote.

Hatuna seti za dadu za pande nyingi.

Kwa nguvu za asili huhitaji. Karibu zote ni d6, na dadu ya ludo ipo kila duka la Ngamiani. Tafuta tatu za rangi tofauti: nyekundu moto, buluu baridi, njano umeme, utupe zote pamoja na d20 ya kwenye simu. Kila rangi isomwe na kukatwa ukinzani peke yake, kisha mjumlishe. Ukijumlisha kwanza ndipo ukate, umemwongezea mchezaji madhara asiyostahili. Ikiwa dadu zote ni nyeupe, panga utaratibu wa kutupa: moto daima kwanza.

Tunapataje kanuni bila kununua vitabu?

Kanuni za msingi za 3.5 zilitolewa bure kwa leseni huria, na za toleo la tano zikawekwa chini ya leseni ya Creative Commons Januari 2023. Flame Tongue na Frost Brand zote zimo humo. Pakua mara moja, hifadhi kwenye simu, maana umeme wa upanga hauchaji betri.

Tunataka moto na baridi vikikutana vitoe mvuke. Kuna ubaya?

Hakuna, ila usifanye itokee kila pigo. Ifunge kwenye pigo kuu: mvuke unajaza futi 5 kumzunguka aliyepigwa hadi mwanzo wa zamu yako ijayo, na walio ndani hawaonwi vizuri na walio nje. Usiongeze madhara. Tatizo la kwanza litakalojitokeza ni kwamba mvuke unamficha adui pia, na mpiga upinde wenu atalalamika. Mwacheni alalamike, akihamia kwenye mishale ya umeme, itafika hadi katikati ya ukungu huo na yeye bado atakuwa anatupa d20 mbili na kuchukua ndogo, kwa kuwa hamwoni adui vizuri.